Barua za Santuri: Hii Sauti Imetoka Kwenye Kanda Gani?

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, santuri za zamani za jazz na matoleo mapya yake, kipi cha kuamini na kipi cha kuacha. Nimechukua tano. Ndefu nimezifupisha kidogo, wenyewe mnisamehe.

Shikamoo mzee. Najifunza tarumbeta, na nina santuri ya zamani ya Kind of Blue ya Miles Davis niliyopewa na baba mdogo. Kila nikipiga pamoja nayo upande wa kwanza hatupatani, wao wako juu kidogo, nasukuma kile kibomba cha kutyuni mpaka mwisho bado wako juu. Nikigeuza upande wa pili tunaenda sawa kabisa. Plea yangu inakimbia? Spidi nimepima mara tatu.

Marahaba mwanangu. Plea yako nzima, na masikio yako mazima zaidi, maana watu wengi wana hiyo santuri miaka na miaka na hawajawahi kulisikia hilo. Na jibu umeshalishika mwenyewe bila kujua: plea ingekuwa inakimbia, ingekimbia pande zote mbili.

Iko hivi. Albamu ile ilirekodiwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, kwenye studio ya Columbia ya 30th Street pale New York, jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Nyimbo 3 za upande wa kwanza zote ni za ile siku ya Machi, na siku hiyo mashine kuu ya kurekodia ilikuwa inazungusha kanda polepole kuliko inavyotakiwa, kidogo tu, hakuna aliyeshtuka. Sasa kanda iliyorekodiwa polepole ukija kuicheza kwa spidi sahihi inakimbia, na ikikimbia noti zote zinapanda. Haifiki hata nusu ya umbali wa kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake, lakini kwa mpigaji anayetaka kwenda sambamba na Miles hiyo inatosha kabisa kumvuruga. Aprili mashine ilikuwa sawa, ndo maana upande wa pili mnaelewana.

Kilichookoa jahazi ni kwamba siku ile ya Machi kulikuwa na mashine ya pili inarekodi pembeni kama akiba, na hiyo ilikuwa inazunguka vizuri. Ila ilibidi ifike 1992 ndo toleo jipya likatengenezwa kwa kutumia kanda ya akiba, nyimbo zikarudi mahali pake. Hebu fikiria, miaka 33 watu wanajifunza zile solo kwenye noti ambazo wanamuziki wenyewe hawakuzipiga pale studio, na mimi nimo, nilishabadilisha belti ya plea nikidhani imelegea, kumbe belti haina kosa lolote.

Kwa mazoezi tafuta toleo linaloeleza wazi kwamba spidi imerekebishwa. Ya baba mdogo usiitoe wala usiiuze, upande wa pili hauna tatizo na upande wa kwanza ndo uleule uliosikilizwa na dunia nzima tangu 1959.

Kaka, nimerithi sanduku la santuri nzito, zile za spidi ya 78, mizunguko 78 kwa dakika, zina vumbi la miaka. Jirani kaniambia nizifute na spiriti. Halafu plea yangu ina kitufe cha 78, si naweza kuzipiga tu?

Kama hujaanza kufuta, acha hapohapo! Santuri nyingi za 78 si plastiki kama hizi za baadaye, zimetengenezwa kwa sheleki, utomvu unaotokana na wadudu, na spiriti ndiyo hasa inayoyeyusha sheleki. Utafuta mara moja tu, uso wote utageuka ukungu na muziki haurudi tena. Tumia maji yaliyotoneshwa (distilled), tone dogo la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichoacha manyoya, fuata mzunguko wa mifereji usikate katikati, lebo isiguse maji, na ukimaliza kausha mara moja. Zipange zimesimama wima, usizilaze moja juu ya nyingine, hizi zinavunjika kama sahani ya udongo.

Kuhusu kitufe, spidi peke yake haitoshi. Mifereji ya 78 ni mipana, sindano yake ina upana kama mara 3 au zaidi ya hii ya LP, zile santuri za plastiki za baadaye. Ukiweka sindano ya LP inazama mpaka chini kabisa kwenye uchafu, unachosikia ni mikwaruzo na muziki uko juu kwenye kuta za mfereji haujaguswa. Nunua sindano ya 78, nyingi unachomoa ya zamani unachomeka mpya. Utashangaa bibi yako alikuwa anasikia nini.

Mkuu, nimenunua santuri ya Blue Note, ile kampuni ya jazz, ya miaka ya 50 kwa bei ya kuumiza, muuzaji kaapa ni chapa ya kwanza. Imegongwa RVG pale karibu na lebo. Rafiki yangu kaitazama akasema haina sikio. Sikio gani tena?

Rafiki yako anajua anachosema. Ichukue santuri, simama chini ya taa, ilaze kwa pembeni mwanga upite juu yake, halafu angalia ile sehemu laini isiyo na muziki kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Pale kuna lugha nzima. RVG ni Rudy Van Gelder, yule aliyekuwa anapima watu macho kama kazi yake ya kujikimu na huku anarekodi jazz sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, New Jersey, mpaka 1959 alipohamia studio yake ya Englewood Cliffs. Ile alama yake inakwambia nani alikata mifereji. Haikwambii santuri ilichapwa lini.

Anayekwambia lini ni sikio. Kiwanda cha Plastylite kilichokuwa kinachapa santuri za Blue Note kilikuwa kinaweka alama yake, herufi P ya mkono iliyojikunja, ukiitazama inafanana na sikio la mtu, na hiyo imekaa mpaka 1966, baada ya Blue Note kununuliwa na Liberty. Liberty wakahamishia kazi viwanda vingine lakini mara nyingi waliendelea na vyuma vilevile vya kuchapia, vilivyotokana na mifereji aliyokata Rudy. Kwahiyo santuri ya albamu ya miaka ya 50, RVG ipo, sikio hakuna, hiyo karibu kila mara ni ya Liberty au waliokuja baada yao, ya 1966 kuendelea. Kwa albamu iliyotoka baada ya hapo kukosa sikio ni kawaida, usianze kugombana na mtu.

Je umeibiwa? Kwenye bei ndiyo, na kama muuzaji anapatikana mrudishie na umuoneshe. Kwenye sauti hapana. Mifereji ni ya Rudy, chuma ni kilekile, na mimi nina za hivyo kadhaa na nikizipiga sijutii hata moja. Mwenye kukusanya alama ana haki yake, ila kama ulinunua usikilize Hank Mobley au Art Blakey umepata kitu kizuri sana, isipokuwa ungekipata kwa pungufu.

Habari za kazi. Albamu moja ya 1957 naiona ina matoleo kama kumi, kampuni tofauti, makava tofauti, nyingine wameweka albamu tatu kwenye CD mbili, nyingine santuri mpya zimeandikwa gramu 180. Hizi ni feki? Na gramu 180 ndo nini?

Tuanze na jepesi. Gramu 180 ni uzito wa plastiki, basi. Inakaa vizuri mkononi, haijikunji kirahisi, lakini haiongezi noti hata moja, nimeshasikia nzito zenye sauti ya kufifia na nyepesi za zamani zinazotikisa chumba.

Feki ni neno ambalo hapa halikai sawa. Zamani Ulaya rekodi ilikuwa inalindwa miaka 50, ikipita, mtu yeyote huko anaichapa bila kumuomba mwenye rekodi na bila kumlipa. Baadaye, sheria ya 2011 iliyoanza kufanya kazi 2013, wakaongeza iwe miaka 70, ila zile zilizokuwa zimeshatoka kwenye ulinzi hazikurudishwa. Maana yake kila kilichotoka mpaka mwisho wa 1962 kiko wazi huko. Sasa hesabu mwenyewe kilichotoka kabla ya 1963: Kind of Blue, Coltrane wa kampuni ya Atlantic, Monk wa kampuni ya Riverside, Rollins, Blakey, Bill Evans na Scott LaFaro pale klabu ya Village Vanguard. Yaani moyo wenyewe wa muziki huu. Ndo maana matoleo yamejaa.

Kwahiyo sheria ya huko wanaifuata, lakini mimi nina shida nazo mbili. Ya kwanza, kanda mama, ile ya asili ya studio, haiko kwao, iko kwa kampuni yenye rekodi, hivyo wengi wananakili kutoka kwenye CD au santuri ya mtu mwingine, nakala ya nakala, halafu wanaikata upya kwenye santuri mpya na kukuuzia kama kitu kipya. Ya pili inaniuma zaidi. Wanamuziki hawa wengi walilipwa kidogo sana walipokuwa hai, na kwenye matoleo haya pesa ya rekodi haifiki hata kwa watoto wao.

Ukitaka kujua umeshika nini geuza kava usome maandishi madogo ya nyuma. Wenye kanda mama hawanyamazi. Wataandika imetoka kwenye kanda gani, nani kaikata, mwaka gani. Kwa mfano msururu wa Tone Poet wa Blue Note, ulioanza 2019, Joe Harley anausimamia na Kevin Gray anakata kutoka kanda za asili, na wanayasema hayo wazi. Ukikuta kava linasema tu sauti safi kabisa, ubora wa juu, na hakuna jina la mtu hata mmoja, jua hapo hapana kanda. Kama hela ndo kikwazo na unataka tu kuisikia hiyo albamu kwa mara ya kwanza, chukua hiyo CD ya albamu tatu usikilize kwa raha zako, siwezi kumkataza mtu kumsikia Monk. Ila santuri mpya ya bei kubwa iliyokatwa kutoka kwenye CD, hapana, hiyo nakukataza.

Dada yako hapa nina swali la nyumbani. Napenda sana Louis Armstrong wa miaka ya 20, ila mwanangu akisikia ile kelele ya mikwaruzo anatoka chumbani. Nikamtafutia toleo lililosafishwa, kelele hakuna, lakini naona kama Louis anapigia ndani ya blanketi. Nimekosea wapi?

Hujakosea dada, umesikia sawasawa. Kelele ya santuri ya 78 na mng'ao wa tarumbeta vinaishi nyumba moja, kule juu kwenye sauti nyembamba. Fundi akikata kelele bila huruma anakata na mng'ao, na matoazi, na ile pumzi kabla ya noti. Mtu anabaki lakini uso wake umefutwa.

Mafundi wazuri wanafanya kinyume. Wanatafuta kwanza santuri iliyo safi kuliko zote waliyoweza kuipata, wanajaribu sindano za upana tofauti mpaka wapate ile inayogusa sehemu ya mfereji isiyolika, wanaondoa milipuko mmojammoja, na ule mvumo wa chini yake wanauacha kwa sehemu kubwa. Marehemu John R.T. Davies wa Uingereza ndo mfano wangu wa siku zote, ukiona jina lake kwenye CD ya jazz ya miaka ya 20 nunua bila kuuliza.

Kwa mtoto, usianze na za 1923 alipokuwa kwenye bendi ya King Oliver. Zile zilirekodiwa kabla ya maiki, bendi nzima inapigia kwenye pembe kubwa, zinataka sikio lililozoea. Kurekodi kwa umeme kulianza 1925, kwahiyo mpe West End Blues, Chicago, 28 Juni 1928. Zima taa, weka sauti juu kidogo kuliko kawaida, mwambie asubiri tu sekunde 15 za mwanzo, Louis yuko peke yake na tarumbeta, hakuna ngoma, hakuna kinanda, anapanda kisha anashuka kama mtu anayekimbia ngazi gizani na hakosei hata moja. Sikio likishamshika yeye, mvumo unarudi nyuma wenyewe, unakuwa kama mvua ya nje. Halafu kuelekea mwisho anashika noti moja juu na haiachii, karibu mizunguko minne ya mapigo, Earl Hines kwenye kinanda na wenzake wanatembea chini yake.

Na hapo ndo utapimia matoleo yako mawili, dada. Wimbo unafungwa na mlio mmoja mdogo wa mpiga ngoma Zutty Singleton, tok. Kwenye toleo lililosafishwa kupita kiasi unasikia kitu kama mtu kagusa mto. Tafuta lile ambalo hiyo tok ni kavu kama kijiti kinavyovunjika.