Mlipe Mbwa kwa Unachokitaka

Wengi wanaoanza kumfunza mbwa huwa wanajua vizuri mabaya yake: anawarukia wageni, anavuta kamba, anatafuna viatu. Waulize wangependa afanye nini badala yake, wananyamaza. Mbwa aliyekatazwa kumrukia mgeni bila kupewa la kufanya atabweka, au atamng'ata pindo la nguo, kwa sababu furaha ile haijaenda popote. Amua kwanza: mgeni akiingia, mbwa akae chini. Hapo umepata kitu cha kumfunza na cha kumlipa.

Mnyama hurudia tendo lililomletea faida. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alilionyesha hilo mwaka 1898 kwa paka aliowafungia kwenye visanduku watafute wenyewe njia ya kutoka. Ugumu uko kwenye wakati wa kulipa. Umemwambia "Kaa", amekaa, wewe bado unapekua mfuko. Yeye kashasimama, ndipo unampa kipande cha nyama. Umemlipa kwa kusimama. Kwa hiyo chakula kiwe tayari mkononi kabla hujafungua mdomo, vipande vidogo kama punje za njegere, na uvipunguze kwenye mlo wake asije akanenepa. Chagua pia neno fupi, mathalani "Safi!", ulitamke pale pale makalio yanapogusa sakafu, kisha chakula kifuate. Likifuatwa na chakula kila mara, neno hilo litamwonyesha tendo lililolipwa hata kama mkono wako umechelewa kidogo.

Na kama malipo yakichelewa yanapotea njia, adhabu iliyochelewa inapotea zaidi. Unarudi nyumbani, mto umechanika, mbwa amelaza masikio na kukwepa macho yako. Watu husema, "Unaona? Anajua kosa lake." Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alilipima jambo hilo: wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula kitafunwa, wakatoka chumbani, na waliporudi wengine waliambiwa yasiyo kweli kuhusu kilichotokea. Ile sura ya hatia ilijitokeza zaidi mbwa alipokemewa, awe amekula au hajala. Anachosoma ni hasira yako. Ufunge mlango wa chumba chenye mito, umwachie kitu chake cha kutafuna.

Kosa ninalolichukia kuliko yote ni kuliharibu neno "Njoo". Mbwa anacheza uwanjani, unaita, hasikii, unaita mara sita kwa sauti inayopanda, hatimaye anakuja na wewe unamzaba kofi kwa kuchelewa. Kwa hesabu yake amepigwa kwa kuja. Mara nyingine humpigi, ila unamwita tu wakati wa kuogeshwa, kukatwa kucha, au kufungwa kamba mchezo uishe; nalo ni kofi la aina yake. Anza ndani ya nyumba, hatua chache, ita mara moja, akifika mpe kilicho bora kuliko vyote ulivyo navyo. Kisha mwachie arudi kwenye mchezo wake. Hilo la kumwachia ndilo watu hulisahau, na lina nguvu kuliko nyama. Ukitoka nje tumia kamba ndefu, usije ukamwita mahali ambapo huna njia ya kumfanya aje. Siku ya kumwogesha, mfuate mwenyewe alipo.

Usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo: anaogopa, anaumwa, au anahisi atanyang'anywa kitu. Ukimchapa, hofu inabaki pale pale, linaloondoka ni onyo, na siku nyingine atauma bila kuonya. Jisogeze nyuma, tafuta kinachomtia hofu, na kama ni jambo la kujirudia mwone daktari wa mifugo.

Utakutana pia na wale wanaosema lazima umlaze mbwa chali ajue nani kiongozi. Fikra hiyo ilitokana na mbwa mwitu waliofugwa pamoja bila kuwa na undugu. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu aliyesaidia kuieneza, alieleza mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Kumbinya mbwa chini kunamfundisha kuiogopa mikono yako.

Mengine ni mepesi. Mtoto wa mbwa mpeleke nje kila anapoamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza, na mlipe palepale alipojisaidia, usisubiri kurudi ndani. Watu wa nyumba nzima watumie neno moja kwa tendo moja. Mazoezi yawe dakika tatu hadi tano, mara kadhaa kwa siku.

Ukiacha kumjali anapobwekea chakula chenu, jiandae: atabweka zaidi kwanza, kwa kuwa zamani kubweka kulilipa. Ukikubali akiwa amefikia hapo, umemfunza kubweka kwa muda mrefu. Na mbwa anayekaa vizuri sebuleni akigoma barabarani si mkaidi. Kwake barabara ni somo jipya. Simama mbali na magari na mbwa wengine, rudia tangu mwanzo kwa chakula kizuri zaidi, na sogea karibu kidogo kidogo kadiri anavyoweza.