Muuguzi Anajibu: Fimbo, Magongo na Kiti cha Magurudumu

Mama alipata kiharusi, mguu wa kushoto ukalegea. Fimbo aishike mkono upi?

Wa kulia. Wengi huishika upande wa mguu mbovu, ndiyo maana wanayumba. Fimbo na mguu dhaifu vitangulie pamoja, mguu mzima ufuate. Akisimama wima mikono ikining'inia, mpini uwe usawa wa kifundo cha mkono. Mpira wa ncha ukilika, ubadilishwe.

Na kwenye ngazi?

Kupanda, mguu mzima kwanza. Kushuka, fimbo na mguu dhaifu kwanza. Wewe kaa daima upande wa chini yake.

Natumia magongo, vidole vinakufa ganzi. Kwa nini?

Huenda unayaegemea kwa makwapa. Hapo hupita mishipa ya fahamu iendayo mkononi, nayo inabanwa. Uzito ubebwe na viganja. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ganzi isipoisha, muone daktari.

Baba yuko kwenye kiti cha magurudumu. Shati moja humchukua nusu saa. Si afadhali nimvalishe?

Siku ya miadi ya daktari, mvalishe, wala usijilaumu. Siku nyingine anzeni mapema. Mkono dhaifu uingie kwanza, na wakati wa kuvua utoke mwisho. Kama vifungo ndivyo vinavyomshinda, mfungie hivyo tu, mengine mwachie. Tunaouguza tuna haraka mno; mgonjwa akivalishwa kila siku, hata alichokiweza hukipoteza.

Kabla hajahama kitini, funga breki zote mbili na ukunje vikanyagio: akisimama juu yake, kiti kinaweza kupinduka. Akiwa ameketi, kila baada ya robo hadi nusu saa ajiinue kidogo au aegemee upande mmoja, asije akapata vidonda vya mgandamizo. Asiyehisi makalio yake hatasikia maumivu ya kumwonya, kwa hiyo ngozi ikaguliwe kila siku. Na usimsukume kabla ya kumuuliza.

Bibi ana miaka 80. Hataki fremu ya kutembelea, eti ni ya wazee!

Kwanza muulize anataka kufika wapi mwenyewe: msalani, uani, kwa jirani? Fremu ijaribiwe katika njia hiyohiyo. Mara nyingi kinachokataliwa ni fremu ndefu kupita kiasi au isiyopita mlangoni. Akikubali, asiivute wakati wa kuinuka. Asukume mikono ya kiti, asimame imara, ndipo aishike.