Treni ya mvuke Darjeeling: nikae behewa gani?

SWALI: Nilikulia karibu na stesheni ya Voi enzi za magarimoshi ya mvuke. Mwezi wa kumi na moja naenda India na wajukuu. Ya Darjeeling bado hutumia makaa? Nikitaka kuisikia injini vizuri nikae wapi? – Babu, Mombasa

JIBU: Shikamoo Babu. Bado, lakini angalia tiketi: safari fupi ya Darjeeling hadi Ghum na kurudi ina treni za mvuke na za dizeli, na ya mvuke ni ghali zaidi. Huchukua kama saa mbili.

Ukiweza kuchagua, kaa behewa lililo jirani na injini. Silinda ni mbili, na kila moja hutoa mvuke mara mbili, pistoni ikienda na ikirudi; kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja utasikia mipumuo minne. Ghum, injini huhamia upande wa pili wa treni, basi wakati wa kurudi utakuwa mbali nayo.

Reli ile ina upana wa milimita 610 tu; ya Voi ilikuwa mita moja. Injini ni nyepesi, na reli ikilowa ukungu magurudumu huteleza. Ndiyo maana watu wawili hukaa mbele kabisa wakimwaga mchanga relini kwa mkono. Watazame hao kuliko mandhari!

Masizi huruka hasa makaa mapya yakitupwa tanuruni mlimani. Wavalishe wajukuu miwani, na nguo nyeupe ziacheni hotelini. Ghum iko mita 2,258 juu ya bahari, kwa hiyo sweta ni lazima.