Kabla ya Kununua Matairi Makubwa, Piga Hesabu ya Gia

Kijana akianza tu kazi ya kupeleka wageni kwenye makorongo ya Marafa au vilima vya mchanga vya Mambrui, huku upande wa Malindi, kitu cha kwanza anachokitaka ni matairi makubwa. Namwelewa. Ukiweka springi ndefu bodi itapanda, lakini difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli, itabaki palepale ikikwaruza mchanga. Kinachoinua difu ni tairi.

Ila tairi kubwa ni sawa na kuongeza urefu wa gia, yaani gari linaenda mbali zaidi kwa kila mzunguko wa injini lakini kwa nguvu ndogo, na dukani hutaambiwa hilo.

Chukua gari lililokuja na matairi ya saizi ya 265/70R16. Tairi hilo lina kimo cha milimita 777 hivi. Ukivalisha 285/75R16 unafika 834. Chini ya difu umepata nusu ya tofauti hiyo, milimita 28, kwa sababu ekseli iko katikati ya gurudumu. Ulichotoa ni asilimia 7 hivi ya nguvu ya kusukuma. Difu yako ya 4.10, yaani shafti ya propela inazunguka mara 4.10 ndipo magurudumu yazunguke mara moja, sasa inafanya kazi kama 3.82, na spidomita iliyokuwa sahihi ikisoma 100, wewe uko 107. Nenda Mombasa wakati wa kusi, upepo ukikupiga usoni, utaona gia ya tano haishiki. Unarudi ya nne, mafuta yanaisha.

Kwenye lo, ile gia ya ziada ya kutambaa polepole kwa nguvu, ndiko kwenye maumivu zaidi. Zidisha gia ya kwanza kwa lo kwa difu: tuseme 4.0 mara 2.5 mara 4.10, unapata 41. Injini inazunguka mara 41 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa matairi yale mapya ni kama umebaki na 38. Ukiteremka korongo, gari linakusukuma kuliko unavyotaka na breki zinabeba kazi ya injini. Ukipanda, mguu unabaki nusu klachi, na ile harufu ya kuungua ikishaingia ndani ya gari, klachi imeanza kuliwa. Gari la otomatiki halinuki, lakini oili ya giaboksi inachemka vilevile.

Dawa yake ni difu yenye uwiano mkubwa zaidi. Kwa mfano huu unatafuta 4.40 au iliyo karibu nayo. Badilisha ya mbele na ya nyuma pamoja, kwa namba moja. Ukibadilisha ya nyuma peke yake, ukiingiza fo-wili, magurudumu yote manne yasukume, kwenye ardhi ngumu zitavutana mpaka kitu kivunjike.

Hujui difu yako ni ngapi? Kwa gari lisilo na difu ya kufunga, weka kigingi kwenye magurudumu mengine, inua gurudumu moja la nyuma na uliegemeze kwenye stendi imara, weka gia nyutro. Tia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, ile shafti ndefu inayoingia kwenye difu, zungusha gurudumu mara mbili kamili, uhesabu propela. Ikizunguka mara nne na kidogo, uko karibu na 4.10.

Na ndugu zangu, kabla ya gharama zote hizo, punguzeni upepo kwenye matairi. Mchanga wa Mambrui unataka tairi liwe na unyayo mrefu. Gari linalotembea na psi 32 kwenye lami, lishushe hadi 16 au 18 na utashangaa matairi yaleyale ya kiwandani yanavyopanda. Usikate kona kwa ghafla, tairi litachomoka kwenye rimu. Ukirudi lami jaza kwanza, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo linapata moto na kupasuka. Kompresa ndogo nzuri haifikii hata bei ya tairi moja kubwa. Ufukweni msiingie kabisa, kasa wanataga pale.

Kama bado unayataka makubwa, pandisha gurudumu moja la mbele juu ya jiwe, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uangalie kama linagusa bodi au bomba la breki. Fanya hivyo kwa tairi la kuazima, kabla hujalipa.