Re: Soli za kabari zinamwongezea mama maumivu

Habari mkuu. Umesema goti la mama linauma upande wa ndani, na tangu avae soli za kabari (soli za ndani ya kiatu zilizo nene upande mmoja) kifundo cha mguu nacho kinauma. Angalia kwanza sehemu nene iko wapi: iwe upande wa nje, wa kidole kidogo. Ikigeuzwa, mzigo unarudi palepale panapouma. Toa pia soli ya ndani iliyokuja na kiatu, la sivyo kisigino kinachomoka. Mwinamo wa nyuzi 5 unatosha, na aanze kuzivaa saa moja kwa siku. Kama nyayo zake ni bapa, achana na kabari kabisa. Usitegemee makubwa lakini: majaribio mengi hayakuona tofauti kubwa na soli ya kawaida. Mazoezi ya misuli ya paja yanasaidia zaidi.