Mpelelezi wa kukodiwa na vumbi la Magharibi

Umeuliza kwa nini wapelelezi binafsi wa riwaya za Marekani za baada ya 1945 wanazurura mji hadi mji kama makauboi. Ndugu yangu, asili yao ni moja. Kampuni ya upelelezi binafsi ya Pinkerton, iliyoanzia Chicago miaka ya 1850, ndiyo iliyokodiwa kuwasaka majambazi wa treni akina Jesse James. Dashiell Hammett aliifanyia kazi kampuni hiyo kabla hajawa mwandishi, na riwaya yake ya 1929, Red Harvest, inampeleka mpelelezi asiye na jina kwenye mji wa migodi uliooza, anayagonganisha magenge mpaka yanamalizana. Ondoa magari, weka farasi: hadithi ni ile ile.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mgao wa petroli ukakoma, watu wakaingia barabarani. Na jimbo la Nevada lilikuwa linawangoja. Tangu 1931 kamari ilikuwa halali huko, na aliyekaa wiki sita tu aliweza kudai talaka, wakati majimbo mengi yalitaka kwanza uthibitishe kosa la mwenzako, kama uzinzi. Hapo ndipo riziki ya mpelelezi ilipotoka: kufuatilia mume au mke wa mtu jangwani, kukesha nje ya moteli. Mimi navutiwa na hilo kuliko risasi zote.

Ukitaka pa kuanzia, mtafute Lew Archer, mpelelezi wa riwaya za Ross Macdonald, aliyeanza 1949. Anaendesha gari California nzima, na silaha yake kubwa ni kusikiliza.