Maskini tuko wengi, mbona magaidi ni wachache?

SWALI: Mhariri, kila kukitokea shambulio nasikia watu wanasema umaskini ndo unazaa magaidi. Mimi nimekulia kwenye shida, majirani zetu wote hivohivo na hatujawahi kumdhuru mtu, kwa hiyo hiyo kauli inaniuma sana. Wengine wanasema rushwa, sa rushwa na bomu vinakutana wapi? Nauliza pia kwa sababu mdogo wangu alikamatwa bila kosa, tukatoa hela ndo akaachiwa, na tangu siku hiyo amekuwa mtu wa hasira tu.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na una haki ya kuumia. Umaskini peke yake haumfanyi mtu gaidi, Osama bin Laden mwenyewe alitoka familia ya matajiri wakubwa wa ujenzi Saudi Arabia. Ila njaa nayo ina mchango wake. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walitoa utafiti mwaka 2023 baada ya kuongea na watu karibu 2,200 katika nchi 8 za Afrika, na robo ya waliojiunga na haya makundi kwa hiari yao walisema walichokuwa wanatafuta hasa ni kazi, waliotaja dini walikuwa asilimia 17 tu. Halafu karibu nusu walisema kuna tukio lililowasukuma, na kati ya hao asilimia 71 walitaja kuonewa, mara nyingi na vyombo vya dola vyenyewe.

Hapo ndo rushwa inapoingia. Kijana yuko ndani, mama anakopa huku na huku, anampa askari noti zilizokunjwa, kesho yake wa zamu ni mwingine na yeye anataka yake, faili halionekani, na aliyemsingizia kijana anapita mtaani anacheka. Akitoka hapo hana hela na hana pa kushtaki. Sasa anakuja mtu mpole, anamsikiliza mpaka mwisho (hakuna ofisi iliyowahi kumfanyia hivo), anampa hela ya matumizi, anamwambia adui yako namjua. Somalia imefika mahali watu wa maeneo ya serikali wanapeleka kesi za ardhi kwenye mahakama za Al-Shabaab, hao hao wanaoua raia, kwa sababu kule hukumu ikitolewa inatekelezwa.

Tena rushwa inamfungulia adui mlango. Mosul, mji mkubwa wa Iraq, ulitekwa na kundi la kigaidi la ISIS Juni 2014, na mwaka haujaisha waziri mkuu wa Iraq wa wakati huo, Haider al-Abadi, akatangaza wamekuta jeshini wanajeshi hewa 50,000, mshahara unatoka, watu hawapo.

Kuhusu mdogo wako, hasira yake ina sababu, usimwambie asahau. Kaa naye akusimulie yote, andikeni tarehe, kituo na kiasi mlichotoa, mtafute msaada wa kisheria mlalamike pamoja. Na ukiona ana marafiki wapya hataki uwajue, au ana hela haieleweki imetoka wapi, muulize mapema, wewe mwenyewe, kwa upole, kabla hajaondoka nyumbani.